Tiara na Fundo la Lori

Ansgar alikuwa na jambo moja la kujivunia mbele ya watu, nalo ni fundo. Mwaka 1973 alikuwa mfunga mizigo kwenye malori ya ushirika yaliyosomba pamba kutoka vijijini hadi kiwandani Shinyanga, na lori alilolifunga yeye halikuwahi kudondosha hata gunia moja, hata likitokea Kharumwa kwenye yale mashimo ya kuvunja mgongo. Kadiri mzigo ulivyorukaruka, ndivyo fundo lake lilivyozidi kukaza. Kulifungua kulihitaji chuma chenye ncha, subira, na matusi ya wapakuaji. Matusi hayo Ansgar aliyahesabu kuwa sifa.

Jambo la pili alilipenda zaidi, ila hilo hakulitangaza, maana mtu mzima mwenye mke na mtoto hapendi kuitwa mchezea tiara. Na kwa kweli, tiara yake haikuwa ile ya karatasi wanayorusha watoto. Aliishona kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili, akaitia mifupa ya mianzi aliyoiagiza kwao Ushirombo, na ilipokamilika ilikuwa kubwa kuliko mlango wa ghala. Mwezi wa nane, upepo wa kiangazi ulipoanza kusukuma vumbi, alitoka misa ya Jumapili akaenda zake uwandani, nje ya mji. Huko alivaa mkanda mpana wa ngozi kiunoni, akafungia hapo kamba nene ya tiara, kisha akaketi juu ya ngozi kavu ya ng'ombe. Tiara iliposhika upepo, ngozi iliondoka naye. Iliondoka kweli, mbio kuliko baiskeli kwenye mteremko, na tumbo la Ansgar likabaki nyuma. Kulikuwa na kamba nyembamba ya kushika mkononi. Ukiivuta, tiara inalala upande na safari inaisha. Kwa kawaida.

Mkewe, Euphrasia, alimwambia mara nyingi kwamba mchezo ule utamtia kilema. Ansgar alimjibu kwamba mpaka siku hiyo hajapata hata mkwaruzo. Ni jibu la kijinga, lakini lilimtosha.

Ile ngozi ya ng'ombe ilikuwa ya Jilala, mkulima aliyekaa ukingoni mwa uwanda. Alimwazima Ansgar kwa kicheko, akatazama msimu mzima, akatazama na wa pili. Katika Jumapili ya kwanza ya msimu wa tatu alikuja akiwa amevua viatu, akasema leo ni zamu yake. Jilala alikuwa na jozi moja ya maksai na mkono wa kulia ulioweza kuishika plau toka asubuhi hadi jua kali. Mkewe Zipora na watoto watano walikula kwa mkono huo. Ansgar aliyajua hayo yote, na hayakumpitia akilini alipokuwa akimfunga.

Jilala aliligusagusa fundo kiunoni mwake.

"Hili linafunguliwaje, bhabha?"

"Halifunguki," Ansgar alisema. "Ndiyo uzuri wake."

Jilala alisema maksai wake huwafunga kwa fundo lenye mkia. Mnyama akishtuka, unavuta mkia na kamba yote inaachia. Akaomba alifunge hivyo mwenyewe. Ansgar alicheka. Fundo linaloachia kwa mvuto mmoja, kwake, lilikuwa kazi ya mtu mvivu, na aliona haya kumfunga rafiki yake kwa kitu cha hivyo. Ndipo alipotamka maneno yaliyomtafuna miaka mingi baadaye: "Wewe si ng'ombe."

Mwanzo ulikuwa mzuri. Jilala aliteleza akipiga kelele za furaha, nyasi fupi zikimpita, na Ansgar akakimbia nyuma yake kama baba wa bwana harusi. Kisha kile kimbunga cha vumbi, ambacho kila mtu wa Shinyanga amekiona kikipita bila kudhuru chochote ila kofia, kikajitokeza kando na kuibeba tiara. Kamba nyembamba ikamchomoka Jilala mkononi. Ngozi ikapinduka, akawa anaburutwa kifudifudi kuelekea ua wa minyaa.

Ansgar alimfikia, akajitupa juu ya kamba, wakaburutwa wawili. Alilishika fundo lake. Lilikuwa gumu kama jiwe. Chuma chake kilikuwa kwenye mfuko wa baiskeli, mbali huko, kwa sababu nani anahitaji chuma siku ya mapumziko? Alilitafuna kwa meno mpaka midomo ikatoka damu, na lile fundo, kwa uaminifu wake wote, likazidi kukaza. Tiara ilichanika kwenye mti wa mgunga, zikiwa zimebaki hatua chache kufika kwenye minyaa. Jilala alikuwa amelala juu ya mkono wake wa kulia, na mkono ulikuwa umekaa vibaya.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mkono ulikuwa umeunga, lakini haukupanda tena kupita bega. Ansgar aliomba likizo akaenda kulima shamba la Jilala. Zipora alimwekea chakula, akamjibu salamu, basi. Ansgar aliona aibu kuliko kama angetukanwa. Jilala aliketi kwenye kigoda kando ya shamba akimfundisha kuwafunga maksai, na Ansgar, aliyekuwa bingwa wa malori ya wilaya nzima, alikosea fundo lile siku tatu. Vidole vyake kila mara vilitafuta pa kukazia.

Siku ya nne, Jilala alimwambia kwa sauti ya chini, "Kabla sijaanguka nilifurahi, bhabha. Sijawahi kufurahi vile. Usimwambie mama watoto."

Mwezi wa nane uliofuata, Jilala mwenyewe ndiye aliyeuliza habari za tiara. Ansgar akaishona upya. Zipora naye alikuja uwandani, ameshika panga, hakuna aliyethubutu kumuuliza la nini. Makubaliano yalikuwa kwamba Ansgar akifika kwenye kisiki kimoja cha mgunga ataachia. Alijifunga kwa fundo la maksai, mkia wake ukining'inia karibu na paja.

Upepo ule ulikuwa mtamu. Ngozi ilipaa kidogo juu ya vichuguu, ikatua, ikapaa tena, na Ansgar akasikia machozi yakikauka masikioni. Kisiki kilipotokea, mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkia wa fundo, na haukuvuta. Alijua kufungua sasa. Hakutaka tu. Na hapo akajiona alivyo: hata kama siku ile ya Jilala angelijua fundo la mkia, asingemfunga kwa namna nyingine, maana alipenda kitu kikishikwa kisiachiliwe.

Akavuta.

Kamba ilimtoka kiunoni bila sauti. Tiara ikapanda, ikageuka nukta nyeupe juu ya njia ya reli, ikapotea. Ngozi ilikwenda polepole, ikasimama yenyewe kwenye nyasi.

Aligeuka. Kule mbali Zipora alikuwa ameshusha panga chini. Jilala, kando yake, alikuwa akimpungia mkono wa kulia, ule ule, akiuinua mpaka pale ulipokomea.