Umshukuru Yule Mzee

…na badala ya Futa kidole kikagusa Sikiliza, kosa dogo tu, maana Remigius alikwisha kuamua, programu ya kusaidia kuuguza mtu aliyekwisha kuzikwa ni ya nini, aifute anywe chai, lakini simu ikasema kwa sauti ya Remigius mwenyewe, Mama Edda, ni mimi Baba Edda, kunywa dawa, ipo kwenye kikombe cha bluu, maneno aliyoyarekodi ili mkewe asisahau wakati yeye yuko shambani Sigino, halafu, Mungu wangu, Xaveria mkewe akajibu, sauti hai, kavu kidogo kooni… hakujua simu ilitunza majibu, yeye akirudi jioni alikuwa akitazama ile alama ya kijani tu, amesikia, basi… “Shemeji, chai inapoa!” ni Natalia, mdogo wa marehemu, yuko jikoni, “au unangoja ikufuate kwa miguu?”… nakuja, amesema au amewaza tu, Xaveria anaongea, nimekunywa, Baba Edda, wewe uko wapi siku zote, humu ndani kuna mzee mmoja, ananiogesha, ananipikia ugali laini, ana adabu, kila asubuhi namwamkia… mzee gani, na papo hapo zikamrudia shikamoo zile, mke akimwamkia mumewe kama mtoto wa jirani, naye akidhani ni utani wake wa zamani umebaki, akicheka, akiitika marahaba, si muuguzi alisema msibishane na mgonjwa wa kusahau, marahaba, marahaba, kumbe kila alipoitika alikuwa anakubali kwamba yeye ni mgeni, mume yuko kwenye simu juu ya kabati, huyo ndiye aliyekuwa akingojwa… “Shemeji!”… na Xaveria tena, taratibu, kama anayenong’ona ili mgeni asisikie, ukirudi umshukuru yule mzee, mimi naona haya, umpe hata yule jogoo mwekundu… rekodi ikaishia hapo. Natalia amesimama mlangoni, “Jamani, unaongea na nani?”, kidole cha Remigius kimerudi juu ya Futa na hakishuki, amepewa ujumbe na mkewe, na mwenye kuupokea ndiye huyu aliyeketi hapa, mwenye mikono hii iliyomwogesha, mtu huyu anashukuriwaje, anaanziwa wapi, na moyoni, kwa adabu, kama alivyoanza Xaveria kila asubuhi, anaanza, shikamoo, mzee…