Kura ya Kwaya

Serikali ilisharuhusu kuimba makanisani, lakini kwaya yetu ya Kiswahili hapa Ilford ikaamua kupiga kura kwanza. Miezi kumi na sita nilikuwa nimeimbia sufuria tu, na nilikuwa nimechoka.

Kikwazo kilikuwa mume wangu, Ambrose, mwanakamati aliyesimamia mlango. Tangu korona ianze alitupima joto, akatumwagia sanitaiza mikononi na kutupanga kwenye viti kama watahiniwa. Nilijua atakataa, na sababu niliijua: cheo kilikuwa kimemnogea.

Wengine walinishangaza. Lorraine, nesi wa wodi ya korona, niliyedhani angekataa, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Nimechoka kusikia mashine," alisema. "Nataka kusikia watu."

Njenga, aliyekuwa akituhubiria kwamba korona ni uongo mtupu, akasema tungoje. Tukamkodolea macho.

"Tukifungua, mama mkwe anakuja kukaa miezi mitatu," akakiri. "Wacha hii korona iendelee kidogo."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kura zikawa sita kwa sita, ikabaki ya Ambrose. Akasema hapana, akaanza kutusomea takwimu. Nikamvuta hadi mlangoni.

"Baba Haika, wote tumechanjwa mara mbili. Sema tu unaogopa kunyang'anywa hiyo chupa ya sanitaiza."

Hakukasirika. "Mama Haika, mkiimba, besi ataimba nani?"

Mwimbaji wetu wa besi alikuwa Deus, rafiki yake wa tangu ujana. Korona ilimchukua mwezi wa nne wa mwaka ule wa kwanza, tukamzika tukiwa watu kumi, bila wimbo hata mmoja.

"Mkiwa kimya," akasema, "najiambia amechelewa treni tu. Mkianza kuimba, nitasikia kwamba hayupo."

Niliona aibu. Miaka yote ninaishi na mtu huyu, nami nilidhani ni mambo ya chupa. Nikamshika mkono.

"Siku ile hatukumwimbia," nikamwambia. "Tumwimbie sasa."

Akarudi ndani na kunyoosha mkono.

Jumapili iliyofuata alisimama safu ya besi kwa mara ya kwanza maishani. Ambrose hajui kuimba kabisa. Tulipopanda alishuka, tulipomaliza alikuwa bado katikati. Njenga alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nililia na kucheka pamoja. Kisha tukarudia wimbo mzima tangu mwanzo, kwa sababu Ambrose ndiye aliyeomba.