Chupa Tupu Chini ya Meza ya Gad

Kumi na sita! Kila mara kumi na sita, halafu kimya. Ile kompyuta ya ofisi inatupa paketi kumi na sita, vipande vya habari, kwa kompyuta ya mbele, inanyamaza kama bibi-arusi. Gad akazima, akawasha. Kumi na sita. Kimya.

"Mana yanjye, Mungu wangu!" akashika kichwa.

Ilikuwa mwaka wa 1999, Gisenyi, kwa depo ya fanta ya Muhamadi, pale njia ya kwenda mupaka. Muhamadi alinunua kompyuta mbili: moja nyuma ofisini kwake, moja mbele kwa Verediane, Mama Kenny, ule mama wa kugawa kaziye, makreti ya fanta. Alitaka zisemezane kwa waya, aone fanta zake zote bila kutoka kwenye kiti. Tabu ni moja: karte za rezo, vile vipande vya kutuma na kupokea kwa waya, zilitoka Goma bila draiva, yaani programu ya kuziendesha. Na Gad, kijana aliyerudi kutoka Kampala na mudomo mukubwa, akasema, "Boss, no problem. Draiva naandika mwenyewe."

Siku zikapita. Asubuhi hii Muhamadi akamuangalia. "Bon. Leo nikirudi kutoka Goma saa kumi, nikute zinasemezana. Zikikataa, nawarudishia wauzaji karte zao, na we unaenda Kanama kwa shangazi yako kulima viazi."

Gad, kulima! Vidole vile havijawahi kung'oa hata karoti!

Saa tisa ilishapita. Alibadilisha waya: kumi na sita. Alitoa karte, akaipuliza vumbi, akairudisha: kumi na sita. Na kupokea inapokea muzuri kabisa. Inasikia yote; ni kusema tu ndio inakata pumzi. Ile draiva hakuianza sifuri, alichukua ya karte ingine, ndugu ya hii, akaikata-kata. Sasa alikata wapi?

Koo likakauka. Akaenda mbele.

"Mama Kenny, niongeze fanta moja."

Verediane hakuinua hata macho. "Chupa iko wapi?"

"Chupa gani?"

"We Gad! Tangu asubuhi nakupa zimejaa, tupu hairudi hata moja. Angalia hii kaziye, matundu matupu! Camion ya kuchukua tupu ikija niwaambie nini, chupa zimeingia ndani ya kompyuta?"

"Lakini nilishazinywa!"

"Umekunywa, mi nitajua aje? Hakuna tupu, hakuna fanta. Hata Papa Muhamadi mwenyewe, hakuna!"

Wabebaji wakacheka. "Ule mutu wa Kampala anafungua depo yake!"

Gad akarudi ofisini kwa hasira, akainama chini ya meza. Yewe! Chupa zimejaa kama mkutano. Akakamata moja, mbili... akasimama hivyo hivyo, chupa mukononi. Alishazinywa. Hakurudisha.

Akainuka mbio, akagonga kichwa kwa meza, paa!

Kompyuta iko na nafasi kumi na sita za kuweka paketi za kutuma. Draiva inajaza nafasi, karte inatuma, halafu karte inaita: nimemaliza, kuja uchukue nafasi yako. Na kile kipande cha kwenda kuchukua ndicho Gad alikata siku ya kwanza. Alisema, paketi ishaenda, kurudi nyuma ni ya nini? Donc draiva inaona nafasi zote zimejaa, kumbe ni tupu zinangoja mwenyewe.

"Ni mi!" akapiga kelele. "Draiva imefanana na mi kama mutoto na baba!"

Akarudisha kipande, vidole vikikimbia. Nje voiture ya Muhamadi ikapiga honi. Programu ingali inajijenga, polepole, kama inamuchokoza. Verediane akatokea mlangoni. "Chupa?"

"Mama Kenny, kidogo tu! Rudi mbele, andika hesabu yako, nitumie!" Ilipomaliza, akaikimbiza kwa disketi mpaka kompyuta ya mbele, ile yenye draiva hiyo hiyo, akarudi.

Muhamadi akaingia na vumbi ya Goma kwenye viatu, akakaa. "Onyesha."

Paketi za Verediane zikaanza kuingia, Gad akizihesabu kwenye skrini. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

Gad akafunga macho.

Kumi na saba.

"Kumi na saba! Boss, kumi na saba!" Akaruka, akamukumbatia patron, kofia ikaanguka.

"Kumi na saba ni nini, sha? Toka hapa, nisome!"

Maandishi ya Verediane yalikuwa yanaingia, mstari kwa mstari, bila kusimama. Muhamadi akasogeza miwani. Akasoma polepole: "Kaziye moja... haijajaa. Chupa ziko... chini ya meza ya Gad."

Akainama, akaangalia. Akabaki ameinama, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Viazi umeponea," akasema akifuta macho. "Sasa beba hizo chupa."