Tundu Lililochanika

Bosi wetu anapenda kuuza sura. Wageni walipokuja, alichukua chungu cha kabichi kutoka bustanini, kimejaa vidukari, wale wadudu wanaofyonza majani, akakiingiza chumba tunamofugia nyigu ili picha zipendeze. Nilimkataza. Akaniambia nisijifanye mwenye nyumba.

Nyigu tunaowafugia wakulima, wawaulie vidukari shambani, ni wadogo kuliko sisimizi. Jike hutaga yai ndani ya kidukari, mtoto wake akamla kwa ndani hadi likabaki ganda lililovimba, rangi ya shaba. Akikomaa hukata tundu la duara safi, akatoka. Jana, kwenye hadubini, niliona matundu yenye kingo zilizochanika, kama mkebe uliofunguliwa kwa msumari. Nikamtafuta aliyetoka humo: papasi zake za kichwani zimepinda kama kiwiko, si kama za nyigu wetu. Huyu hagusi vidukari. Anamla nyigu wetu mle mle ndani ya ganda, na alikuja na kabichi ya bosi.

"Nyigu ni nyigu," bosi alisema. "Pakia, wakulima wanasubiri."

"Hawa watawamaliza wenzao, bosi."

"Basi chambua wazuri."

"Ganda likiwa halijatoboka, utajuaje aliyemo?"

"Usinitilie kitumbua changu mchanga!"

Kitumbua chake! Mmoja wa wakulima hao ni mdogo wangu, tumbo moja. Anaishi peke yake na banda lake la pilipili hoho, na kifua kimeharibika kwa kupiga dawa. Daktari alimkataza kabisa kushika bomba. Mimi ndiye niliyemwahidi nyigu.

Nilibeba masanduku yote, wazuri na wezi pamoja, nikayatia kwenye friza na kusukuma mlango kwa goti. Bosi alifoka hadi mlinzi akaja. Nikamwambia aendelee kufoka, labda watayeyuka.

Kisha nikampigia mdogo wangu.

"Dada, wanafika lini?"

"Hawaji. Nimewaua mwenyewe." Nikamweleza yote, bosi na chungu chake, nikitukana kila baada ya neno. Afadhali naye angenitukana.

"Vidukari wameshapanda kwenye maua," alisema.

"Nivumilie. Nitaanza kufuga wengine leo leo."

"Mpaka wakue, dada, nitavuna nini?" Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Usijali. Safari hii nitajifunga vitambaa viwili puani."