Wageni wa Kwenye Tangi

Mji wenyewe haukuwa na la kuandikwa. Ulikuwa barabara moja ya vumbi inayochepuka kutoka kwenye lami na kuishia langoni mwa hifadhi, na pembeni yake maduka ya kofia, betri na maji ya chupa, na nyumba za wageni zilizotofautiana kwa rangi ya mabati tu. Watu wa pale walikula kwa jasho la wanyama wasiowaona. Kijana angeweza kufikia umri wa kuoa hajamwona simba hata mkia, ila begi la kila aliyemwona simba amekwisha kulibeba.

Ndiyo maana habari kwamba anakuja mwandishi, mtu wa jarida la wasafiri, ziliuweka mji roho juu. Mwenyekiti wa wenye nyumba za wageni aliita kikao. Watu walimwita Karibu Tena, kwa kuwa hakuwahi kuagana na mtu kwa maneno mengine, na juu ya mlango wa hoteli yake alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Bwana huyu akituandika vizuri tutakula wote," alisema. "Akituandika vibaya tutalala njaa wote. Kwa hiyo ndimi zichungwe. Ile habari yetu tunaijua. Ni wageni, basi."

Hakuna aliyeuliza ni habari gani. Uzio wa waya wa hifadhi ulikuwa umelala chini miaka mingi, na tembo walikuwa wakitoka jioni kuja kunywa kwenye tangi la zamani, nyuma ya nyumba za mwisho. Lakini neno tembo halikutamkwa barabarani. Jirani alichungulia juu ya ukuta akasema, "Leo kuna wageni," na mama akaita wanawe ndani, na mtalii aliyeketi barazani na soda yake asijue lolote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mji ule uliona heri uumbuke kesho kuliko kulala njaa leo.

Neno hilo la wageni lilianza mwaka aliokufa mume wa Mama Mapazia. Mama huyu aliitwa hivyo kwa sababu hapakuwa na dirisha mjini ambalo hakulishonea pazia. Mumewe alikwenda jioni kufunga koki ya tangi, hakurudi. Kabla matanga hayajaanuliwa, Karibu Tena alikuja akaketi mkekani, akasema kwa sauti ya huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli:

"Shemeji, aliyekufa amekufa. Tukisema tembo, nani atalala mji huu tena? Na wewe hivyo vyumba vyako vya wageni, utalala humo mwenyewe?"

Basi ikasemwa kwamba marehemu aligongwa na gari la watalii ambalo halikusimama. Mama Mapazia alikubali, mtoto mgongoni na njaa mlangoni. Hata mtoto aliambiwa gari, maana mdomo wa mtoto hauna kifuniko. Alipokua, mama alijiambia atamweleza akimaliza shule. Akamaliza shule. Kila mwaka uliopita uliuongeza uongo ule uzito, na yeye akazidi kuogopa kuunyanyua.

Binti akakua akiyachukia magari. Sasa ndiye aliyepokea wageni pale nyumbani, na madereva wa hifadhi walijua kwamba salamu zao zitaangukia ukutani. Mmoja wao, mtu mpole wa shati safi, aliyekuwa akiagiza chai asiyoitaka ili apate sababu ya kukaa, alituma watu kuja kuposa. Binti hakumaliza hata kuwasikiliza. "Mimi na dereva? Gari si ndilo lililomuua baba?" Mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Alisikia kila neno, akaendelea kumenya. Dereva akahamia lango la upande wa pili wa hifadhi, na baadaye zikaja habari kwamba ameoa.

Mwandishi alifikia kwa Mama Mapazia. Alikuwa kijana mwenye maswali mengi na adabu ya kutosha, na mama alimpenda. Jioni ya tatu alimkuta uani akipiga pasi mashuka.

"Mama, naenda kule kwenye tangi la zamani. Jua likizama pale, picha yake itakuwa nzuri sana."

Jirani alikuwa ametoka tu kuchungulia ukutani.

"Leo kuna wageni kule, baba," mama alisema, huku akigeuza shuka.

"Afadhali. Nitapata wa kuzungumza nao."

Mama akacheka kidogo, akaona kijana anajua utani. Alisikia mlango mdogo wa uani ukifungwa. Alikunja shuka, akachukua foronya, akaibandika pasi, kisha mkono ukamganda. Nani alimwambia maana ya wageni? Hakuna. Walikubaliana wasimwambie. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilimfikia akiwa tayari anakimbia, ndala moja mguuni.

Kijana alikuwa amekwisha pita nyumba ya mwisho, kamera kifuani. Kwenye baraza ya hoteli watalii walikuwa wakinywa soda, na Karibu Tena akiwachekesha.

"Baba, rudi!" mama aliita. "Kuna wageni!"

Kijana akapunga mkono. "Nimesikia, mama. Nitawasalimia."

Nyuma ya tangi, kitu ambacho mama alikidhania ukuta kilipepea sikio. Ulimi wake ulikuwa umezoea lile neno moja, na ilimbidi aulazimishe.

"Tembo! Kuna tembo hapo!"

Baraza zima likageuka. "Shemeji," alisema Karibu Tena taratibu, akiinuka. Lakini si yeye aliyemtia mama hofu. Kijana alikuwa amegeuka na uso wa mtu aliyepewa zawadi.

"Wako wapi?" aliuliza, akainua kamera, akaongeza mwendo.

Hapo mama akaelewa ubaya wa jambo lenyewe. Kwa mtu wa mbali, tembo ndicho anacholipia nauli. Neno lile peke yake halimrudishi mtu, linamvuta.

"Walimuua mume wangu!" alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Hapo hapo ulipo. Niliokota mwili wake kwa shuka. Rudi, mwanangu, nakuomba."

Kijana akasimama. Akashusha kamera, akaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kama mtu anayetoka chumbani kwa mgonjwa aliyelala. Nyuma ya tangi tembo waliendelea kunywa maji yao, hawakuwa na shida na mtu. Alipomfikia mama alimshika mkono.

Karibu Tena alikuwa akiwaambia watalii kwamba mama huyu ana majonzi ya siku nyingi, wamsamehe. Mama hakumsikiliza. Kwenye mlango mdogo wa uani alisimama binti yake, foronya iliyoungua mkononi.

"Si ulisema gari?"

Mama akanyoosha mkono aichukue foronya.

"Mama. Si ulisema gari?"

"Ni tembo, mwanangu. Gari halikuwepo."

Magari ya hifadhi yalikuwa yakirudi, taa zimewashwa, na kila dereva aliyepita alipiga honi kusalimia nyumba ile, kama walivyofanya kila jioni bila kuitikiwa. Binti aliyatazama mpaka la mwisho likapita.

"Basi yule mtu," alisema, "nilimkatalia nini?"