Zamu ya Koplo Mbithi

Kata ya kaluvu, pombe ya Kikamba, ilikuwa imeelekezwa kifuani mwa Mbithi, povu likipumua ukingoni, na mkono ulioishika haukuwa na haraka. Ulikuwa mkono wa Mzee Muli, mshenga wa wakwe waliotoka mtaa wa Raila, kule Kibera, kuja kumposa Mutanu, dada yake Mbithi. Kwa desturi yao Wakamba hawa, mwanamume wa nyumba ya binti akionja pombe ya wakwe, posa imekubaliwa. Asipoonja, mbuzi wa mahari hugeuzwa njia.

Na mwanamume wa nyumba ile ya mabati, Kawangware, alikuwa Mbithi, koplo wa jeshi, maana baba yao alikwisha kulala mchangani.

Nzembi, mama yao, alikaa mkekani kati ya akina mama wa kanisa, macho hayabanduki kwenye kata. Alijua wasiyoyajua wageni. Mwanawe aliishi na virusi vya UKIMWI. Si virusi vilivyomwangusha, kwani dawa zilikuwa zimevilaza fofofo. Kilichomwangusha ni bia ya mesi, baa ya kambini, waliyoinywa yeye na wenzake kuosha waliyoyaona mpakani. Akilewa husahau vidonge. Akisahau, virusi huamka. Mwishowe wakubwa wakampokonya bunduki, wakamtia stoo kukunja mablanketi. Tangu hapo hajagusa pombe. "Mwaitu," alimwambia mama yake, "kwangu hakuna tone moja. Tone ni ndugu yake debe."

Ndiyo maana Nzembi, mtu wa maombi, aliamka siku hiyo na uongo tayari chini ya ulimi: kijana ana malaria, yuko kwenye dawa. Mungu angemwelewa. Wakwe wasingejua.

"Shika, Afande," alisema Mzee Muli. "Ama siku hizi jeshini mnakunywa maziwa?"

"Niko zamu, mzee."

"Zamu! Na uko likizo? Hapa Kawangware adui ni nani, kunguni?"

Wazee wakacheka hadi benchi likalia. Nzembi akafumbua kinywa aitoe malaria yake. Mbithi akamtazama, akatikisa kichwa kidogo tu, kisha akasimama.

"Adui ninaye damuni, wazee wangu. Nina virusi. Dawa ndiyo mlinzi, na nikinywa, mlinzi husinzia. Nimewahi kulala zamu, nikaona matokeo yake. Leo silali, hata kwa posa ya dada yangu."

Nyuma ya pazia, Mutanu alisikika akivuta pumzi.

Nzembi alingoja aibu iingie, ijitafutie mahali pa kukaa. Haikuja. Kilichokuja ni kitu alichokionja mara moja tu, siku Mbithi alipohitimu ukuruti na bendi ikapigwa. Ila siku ile alijivunia magwanda. Leo mwanawe alivaa shati la kawaida, lililofifia kola, na kichwa cha mama kilikuwa juu zaidi. Uongo ukamyeyukia ulimini kama chumvi.

Mzee Muli alikohoa. "Tumekusikia, mwanangu, na si dogo ulilosema. Lakini kata hairudi kwao mdomo mkavu. Nani ataonja?"

"Lete," alisema Nzembi, akiinuka.

"Wewe, Mama Mbithi? Si umeokoka? Halafu mwanamke?"

"Nyumba hii aliyeishikilia isianguke ni nani, mzee?"

Mzee akamsogezea kata. Wagaki, mwenyekiti wa akina mama, akamvuta leso: "Nzembi! Umeapa mbele ya madhabahu!"

"Aliyenisikia nikiapa ananiona na sasa."

Akaipokea kata kwa mikono miwili, akatia midomo. Uchungu ukamkwaruza hadi kooni. Pazia likapasuka kwa kigelegele cha Mutanu, kimoja, chembamba. Wazee wa Raila wakakipokea kwa makofi, na kata ikaanza kuzunguka, ikimruka Mbithi bila neno.

Mkekani, akina mama wa kanisa waliinamisha macho. Nzembi hakurudi huko. Aliketi kwenye benchi la wanaume, bega kwa bega na mwanawe, midomo ikimwaka, asiipanguse.