Jina Ndani ya Tovuti

Asubuhi ile Blandina aliizindua tovuti ya chama cha wakulima wa pamba. Kabla ya saa sita wanaume watatu walikuwa wameung'oa mlango wa ofisi yake pale Bariadi mjini.

Zilikuwa enzi za soko huria, kila kampuni ikinunua pamba kwa mizani yake. Tovuti aliijenga kwa mfumo wa bure, ule ambao watu wa nchi mbalimbali huuandika pamoja na kumwachia yeyote autumie. Makala ya kwanza ilikuwa na picha ya mizani ya kampuni moja, springi imefungwa waya ili pamba ionekane nyepesi. Jina la mwandishi halikuwekwa. Lakini ndani, mahali anapoingia mwenye nywila tu, mfumo ulihifadhi jina la aliyeleta picha: mzee Luhaga wa kijiji cha Lingeka. Blandina alikuwa amemuahidi kwamba hatajulikana. Na mlango ulipoanguka, ukurasa huo ndio uliokuwa wazi kwenye skrini.

Rodgers, mnyapara wa ghala la kampuni ile, hakusalimia. Alimpiga rungu la bega, na alipoanguka akamkanyaga vidole mpaka vikalia. Akauliza nani kapiga picha. Blandina akasema ni yeye mwenyewe. Likaja teke la mbavu, swali likarudi, naye akajibu vilevile huku damu ya puani ikimjaa mdomoni.

"Elia, wewe si ndiye msomi wetu?" Rodgers akasema. "Hebu soma humo."

Elia, kijana wa rika la mwanawe Blandina, akainama mbele ya skrini. Kutoka sakafuni Blandina aliiona midomo yake ikitembea polepole, kisha ikasimama. Akajua amelifikia jina. Akafumba macho.

Alichosikia ni kishindo. Elia alikuwa ameipasua skrini kwa rungu. Akaipiga tena, akaigeukia mashine yenyewe, akaiponda mpaka vyuma vikatawanyika.

"Nilikwambia usome," Rodgers akasema.

"Nimesoma, bosi. Hamna jina. Sasa na tovuti yao nimeiua."

Rodgers hakumwamini. Akamshindilia rungu la mdomo. Yule wa tatu akamshika mikono kwa nyuma, wakampiga hadi miguu ikamlegea na meno mawili yakabaki sakafuni. Kila alipoulizwa, alirudia kwamba hamna jina. Firimbi za walinzi wa sungusungu ziliposikika upande wa sokoni, wakamtupa chini wakakimbilia pikapu yao.

Blandina alijikokota, akafungua khanga kwa mkono mzima, akamfuta damu taratibu, akianzia machoni.

"Mayu," Elia akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "lile jina si limekufa?"

"Bado, mwanangu. Tovuti haikai humu. Ipo kwenye mashine nyingine, mbali."

Elia akashika ukuta, akasimama.

Wakatembea wameshikana, huyu akimwegemea huyu, hadi kwa Klementina mwenye intaneti kafe. Klementina alipowaona akamwinua mteja kitini bila kuuliza neno, akaenda kuleta maji. Vidole vya Blandina vilikuwa vimevimba, haviwezi kubonyeza kitu. Akamnong'oneza Elia nywila, herufi moja moja, naye akaiandika.

Jina la mzee Luhaga wakalifuta. Picha ya mizani wakaiacha ilipo.